Bustani ya Uani: Tuhesabu Ndoo Kabla ya Kuhesabu Shilingi



Kila Ramadhani ikikaribia, mazungumzo yetu wanawake wa visiwani huwa ni yale yale. Tungule zimepanda, fungu la mchicha limekonda, boti ya mboga haijafika. Visiwa vyetu ni vya kijani, lakini tungule na vitunguu vingi tunavyopikia vinavuka bahari kutoka bara. Hapo ndipo kila mmoja wetu anapoapa kuwa mwaka huu lazima alime bustani uani, na hapo ndipo tunapoambiwa maneno matamu kwamba bustani ya asili haina gharama.

Sisi tunasema hilo si kweli. Bustani ya asili ina gharama yake, ila haiandikwi kwenye risiti. Gharama hiyo ni maji na mikono. Na mikono yenyewe mara nyingi ni ya mwanamke na ya mtoto wa kike. Somo hili hatukulipata kwenye semina. Tulilipata Mungaa.

Ndoo ngapi?

Mungaa ni kata katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Kaka yetu ameoa huko, na sisi ndugu wawili, mafundi cherehani, tulikwenda kumtembelea wifi yetu mwezi wa Septemba. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi la Morogoro na Dodoma, na tulipofika Ikungi tukaiacha barabara kuu. Tulichukua khanga za kuwapelekea, tukarudi na mafuta ya alizeti na asali.

Nchi ile ni kavu. Sisi tuna masika na vuli, wao wana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia kama Novemba au Disemba mpaka Aprili. Baada ya hapo miezi inapita bila ya tone. Septemba tuliyofika sisi ardhi ilikuwa rangi ya biskuti, na vumbi linaingia mpaka kwenye mshono wa baibui. Lakini nyuma ya jiko la wifi kulikuwa na kitanda cha mchicha na sukumawiki, kijani kibichi.

Sisi ni watu wa biashara, kwa hiyo tukauliza kibiashara: mbegu shilingi ngapi, mbolea shilingi ngapi? Wifi akacheka. "Mawifi zangu, huku tukitaka kulima mboga hatuanzi na shilingi. Tunauliza ndoo ngapi."

Akatuonyesha. Kitanda chake kilikuwa na urefu wa kama mita 4 na upana wa mita 1, wala hakikuzidi hapo. Tulidhani amekosa nafasi, kumbe nafasi anayo tele. Alichokuwa nacho kwa kipimo ni ndoo moja ya lita 20 kwa siku, na kitanda amekikata kulingana na ndoo hiyo, kama sisi tunavyokata gauni kulingana na kitambaa kilichopo mezani.

Na hesabu yake ni sahihi. Katika jua la kiangazi la nchi kavu, bustani ya mboga inapoteza kama milimita 5 za maji kwa siku, na siku za joto kali huzidi. Milimita 5 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 5. Mita 4 za mraba ni lita 20, yaani ndoo moja kila siku ya Mungu. Mwenye kulima kitanda cha mara tatu ya hicho amejitwika ndoo tatu kila siku. Kama maji yanatoka mbali, atakayezibeba ni nani? Tunamjua sote. Ni binti aliyetakiwa awe amekaa na madaftari yake.

Tulivyokosea sisi

Tuseme ukweli wetu. Mwaka mmoja kabla ya safari ile tulijaribu kulima uani kwetu Unguja. Tuliambiwa tutumie vitu vya asili, basi tukatumia bila ya kipimo. Tulimwaga mavi ya kuku mabichi, yakaunguza miche. Tukaongeza majivu mengi, na sisi tunakaa upande wa ardhi ya mawe, majani yakageuka manjano. Tulikuwa tukimwagilia saa sita za mchana. Mfereji ulipokauka tukanunua maji kwa madumu. Tulipopiga hesabu, fungu letu la mchicha lilikuwa ghali kuliko la Darajani.

Kila kitu tulichotumia kilikuwa cha asili, na kila kitu kilitutia hasara. Kwa hiyo yanayofuata hapa chini tunayaandika kwa watu waliokosea kama sisi.

Maji yafanye kazi mara mbili

Nyumbani kwa wifi maji hayamwagwi mpaka yawe yamefanya kazi ya pili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanakwenda kitandani moja kwa moja. Maji ya kufulia yenye sabuni hayaendi kwenye mboga za majani, yanakwenda kwenye mpapai ulio pembeni, tena yawe hayana dawa ya kung'arishia nguo, kwa sababu ile inaua.

Tulipofikiria hili tuliona aibu kidogo, maana sisi Waislamu tuna maji mengine ambayo kila siku tunayaacha yaende zake: maji ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, lakini hayafai kutilia udhu tena. Mmea hauna sharti hilo. Chukua nyumba yenye watu wanne wanaosali nyumbani sala tano. Kila mmoja akitumia lita 1 kwa udhu mmoja, ni lita 20 kwa siku. Ndoo ile ile ya Mungaa, na hakuna aliyeibeba kichwani kwa ajili ya mchicha.

Na lita 1 si kujibana. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa maji ya mudi moja, yaani kama ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida, ambao haufiki lita 1. Sisi tunafungua mfereji unatiririka mpaka tumalize. Tukitumia kopo na beseni tunafuata sunna na tunapata mboga. Angalizo moja tu: tunazungumzia maji ya udhu, si maji ya kustanji. Hayo yana najisi na hayaingii kwenye mboga.

Maji yakae yalipomwagwa

Ndoo moja ikifika kitandani, kazi ya pili ni kuizuia isiondoke. Hapa wanawake wa nchi kavu wametuzidi elimu.

Kwanza, kitanda cha wifi hakikuinuka, kilizama. Alichimba chini kidogo na kuacha kingo za udongo pembeni, ili kila tone libaki ndani. Ni akili ile ile ya mashimo ya Chololo, yanayoitwa kwa jina la kijiji cha Dodoma, ambapo wakulima wanapanda nafaka ndani ya mashimo madogo yenye samadi ili mvua kidogo ikusanyike kwenye mzizi. Sisi visiwani tusiige hili kibubusa. Wakati wa masika kitanda kilichozama Unguja au Pemba kitageuka dimbwi na mizizi itaoza. Kwetu masika tuinue tuta, na kipindi cha jua kali, baina ya vuli na masika, ndipo tuzamishe. Ardhi ya mtu ndiyo mwalimu wake.

Pili ni matandazo. Mungaa walitandaza mabua ya mtama na uwele yaliyokatwakatwa, mbali kidogo na shina kwa sababu ya mchwa. Sisi tuna majani makavu ya mgomba na makumbi ya nazi, vitu tunavyovichoma moto kila wiki na moshi ukatuumiza kifua. Udongo uliofunikwa haukauki upesi, hautoi magugu mengi, na jua haliupigi moja kwa moja.

Wenzetu mafundi, hata makatio ya vitambaa yanafaa, lakini si yote. Choma uzi mmoja kwanza. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba na itaoza ardhini. Ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, usiizike kwenye chakula chako. Vitenge vingi vya siku hizi ni vya aina hiyo ya pili.

Tatu ni mboji, maana udongo wenye mboji unashika maji kama sponji. Changanya majani makavu na mabichi, maganda ya ndizi na mihogo, na samadi kidogo. Usitie nyama, mafuta wala mabaki ya pilau, yataleta panya. Nyunyizia maji mpaka rundo liwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa vizuri, lifunike, na ligeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo baada ya mvua. Samadi nayo isubiri mpaka ipoteze ukali wake. Mungaa ni watu wa ng'ombe, lakini hata wao hawachukui ya jana, wanachukua ile iliyokaa muda mrefu zizini.

Na majivu? Ukonzi mmoja kwa kitanda unatosha, na kama unakaa kwenye ardhi ya mawe, kama Makunduchi, Jambiani au Paje, ni bora usitie kabisa. Ardhi hiyo imetokana na matumbawe na ina chokaa ya kutosha. Majivu yanaongeza ukali ule ule, mmea unashindwa kupata madini ya chuma, na majani yanakuwa manjano. Sisi tulidhani mmea una njaa, tukaongeza majivu mengine.

Asili haina maana ya salama

Dawa ya wifi ni mwarobaini, mti unaoota kwao na kwetu. Kilo 1 ya majani mabichi inatwangwa, inalowekwa usiku kucha kwenye lita 5 za maji, inachujwa, na kutiwa sabuni kidogo ili ishike kwenye majani. Inanyunyiziwa jioni, kwa sababu jua linaiharibu upesi. Usitegemee kuona wadudu wakianguka pale pale. Mwarobaini unawakatisha hamu ya kula na kuwazuia wasikue, kwa hiyo rudia baada ya siku chache, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Kitunguu saumu na pilipili vinasaidia pia kufukuza.

Lakini wapo wanaoshauri maji ya tumbaku, kwa hoja kwamba nayo ni jani. Hapa tunakataa. Nikotini ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na ndani ya nyumba zetu mna watoto wanaogusa kila kitu. Isitoshe, tumbaku inaweza kubeba maradhi ya virusi yanayoingia kwenye tungule na pilipili, kwa sababu ni mimea ya ukoo mmoja. Kuwa kitu hakikutoka dukani hakukifanyi kuwa halali ya kumwagiwa kila mahali. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, na alama yake ni Kilimohai. Kulikuwa na haja ya kuandika kiwango kwa sababu neno "asili" peke yake halitoshi.

Mbegu na jua

Mambo mawili zaidi tuliyoyabeba kutoka Mungaa.

La kwanza ni mbegu. Wifi anaacha mashina matatu au manne ya mchicha yaliyo bora kuliko yote, hayachumi kabisa mpaka yatoe mbegu. Anazikausha kivulini na kuzihifadhi kwenye chupa yenye majivu makavu ili wadudu wasiziingie. Hapo ndipo majivu yana kazi nzuri. Ukifanya hivyo kwa mchicha, bamia, mlenda na kunde, hutanunua mbegu hizo tena. Lakini ukinunua pakiti ya tungule iliyoandikwa F1, usihifadhi mbegu zake ukategemea matunda kama yale, watoto hawatafanana na mama.

La pili ndilo lililotushangaza zaidi. Tulimuuliza wifi kwa nini hana bustani kubwa ya kiangazi. Akafungua mtungi: majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda mkavu uliotwangwa. Mvua ikinyesha mboga zinaota zenyewe hata pembezoni mwa shamba, kwa hiyo wanachuma nyingi na kukausha. Kiangazi wanasongea ugali wa uwele na mboga waliyoimwagilia Mwenyezi Mungu mwenyewe. Ndoo sifuri.

Sisi tunakausha dagaa na pweza, kwa nini kisamvu na majani ya kunde yaharibike masika na Ramadhani tulie njaa ya mboga? Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo lazima tuwe waangalifu zaidi: chemsha majani kidogo, yatandaze kwenye jamvi kivulini penye upepo na yafunikwe kwa kitambaa chepesi, na yasiingie kwenye chupa mpaka yavunjike ukiyakamata. Kivuli ni bora kuliko jua kali, maana jua linaharibu vitamini A iliyomo.

Mikono ya nani?

Tunajua jibu la baadhi yenu: "Nyinyi mna muda." Hatuna. Tuna oda za sikukuu zinazotukesha kwenye cherehani. Ndiyo maana tunasisitiza ndoo. Anza na mapolo mawili ya udongo na mboji, au kitanda kimoja kinachotosheka na maji ya udhu wa nyumba yako, na usiongeze hata hatua moja mpaka upate maji mengine ambayo hakuna atakayeyabeba. Hatusemi pia kuwa kitanda hicho kitamaliza safari za sokoni. Vitunguu bado tunanunua. Lakini mchicha, bamia na pilipili za jikoni kwetu zinatoka uani, alhamdulillah, na pesa yake imebaki kwenye pochi ya mama.

Kwa wanaume wetu tunaomba jambo moja. Kuchimba kitanda na kugeuza mboji ni kazi nzito, nayo haifanywi kila siku. Ichukueni hiyo. Kaka yetu ndiye aliyechimba kitanda cha Mungaa, na hakuna kilichompungua.

Na kwa kamati za misikiti tunaomba jingine. Kila siku mamia ya lita za maji ya udhu yanaishia kwenye mitaro yetu, na nje ya msikiti hapana hata mgomba mmoja. Mfereji mdogo wa saruji kutoka penye birika mpaka kwenye migomba na mipapai ungetosha. Kivuli kingepatikana, na watoto wa madrasa wangekula matunda. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mmea, chochote kitakacholiwa na mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Tunatafuta sadaka mbali, na maji yake yanapita miguuni mwetu mara tano kwa siku.

Wanawake wenzetu, leo kabla ya Magharibi weka beseni chini ya mikono yako. Kesho pima limejaa kiasi gani. Hicho ndicho kipimo cha bustani yako. Usikate zaidi ya kitambaa ulichonacho.

Wabillahi tawfiq.